Sugua Nisikie

Mimi nauza juisi ya ukwaju pale Segera njia panda, upande ule mabasi yanaposimama abiria wachimbe dawa. Kila asubuhi naloweka ukwaju kwenye ndoo, na jiko langu la kuni liko hapo hapo pembeni, kwa hiyo upepo ukigeuka harufu ya jivu na harufu ya ukwaju zinanifika puani kwa pamoja. Hapo mwiko unanisimama mkononi. Kuna kondakta mmoja mwenye maneno mengi huwa anapiga kelele, "Mama Saumu, leo unauza juisi au unauza usingizi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Sasa nimwambie nini yule kijana? Nimwambie kwamba jivu na ukwaju vikikutana mimi namsikia mama yangu anakufa? Si atashindwa kunywa juisi yake.

Nyie basi kaeni niwaeleze.

Nimekulia Sindeni, kwa bibi mzaa mama. Jina lake Mwantumu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mkali wa macho na wa ulimi, na mimi alikuwa ananiita mke mwenzake kama bibi zetu wanavyotania wajukuu. "We mke mwenzangu, umepika ugali au umepika udongo?" Ndivyo alivyonisalimia akirudi shamba. Ukiacha mahindi na ufuta, kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Mwanamke akifariki kijijini kwetu au vijiji vya jirani, baiskeli ilikuja kwetu hata kabla haijaenda kwa shekhe. Tukiona mtu anashuka kwenye baiskeli, kofia kaivua na kaishika mkononi, tulijua kabla hajabisha hodi.

Bibi alikuwa na birika lake la kazi hiyo. Lilikuwa la shaba ya njano, shingo ndefu, mdomo umepinda, na kiunoni limechorwa maua. Lilikuwa la mama yake, na mama yake alilitoa wapi sijui, maana kila nilipouliza nilipewa jibu jingine. Maji ya kuosha marehemu yalimwagwa kwa birika hilo na si kwa kingine chochote. Bibi alisema mtu ameishi maisha yake yote akioga kwa kopo la plastiki lililotoboka, basi angalau siku ya mwisho amwagiwe maji na kitu kinachong'aa.

Likitoka msibani lilifungwa kwenye kaniki na kusukumwa uvunguni mwa kitanda. Huko lilifubaa, likawa la kahawia, likaota kijani kwenye maungio. Hakuna aliyeligusa mpaka habari nyingine ije. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya nyumba yetu, kubwa kuliko kutopiga mluzi usiku: birika halisuguliwi bila msiba. "Ukilisugua hakuna aliyekufa, unaita," bibi alisema. Nilipokuwa mdogo zaidi niliwahi kulitoa tu nilipanguse vumbi. Alinifinya sikio mpaka nikaona nyota mchana.

Habari ikija, kazi ya kulisugua ilikuwa yangu, wakati yeye akioga na kujifunga kanga zake. Dukani Handeni mjini kulikuwa na dawa ya kung'arishia shaba, ya kikopo, lakini bibi alisema hiyo ni ya watu wenye mageti. Sisi tulikuwa na jivu. Na si jivu la kuzoa tu, jamani! Alitaka jivu la magunzi, lichekechwe kwenye chekeche kuukuu la unga mpaka likipeperuka lisionekane. Ukwaju uliloweka, ukauvuruga ukawa mzito, ukatia chumvi. Ukaupaka birika lote na kusubiri kidogo, kidogo tu, maana ukichelewa shaba inageuka nyekundu kwa mabaka, na hapo bibi anakugeuza na wewe. Ndipo unanyunyiza jivu na kusugua kwa gunzi la muhindi. Palipokuwa na ukaidi, ulichovya nusu ndimu kwenye chumvi ukapakomoa. Ukasuuza, ukakausha, ukamalizia na tone la mafuta ya nazi kwenye kipande cha kanga. Mjomba mmoja aliwahi kuleta stilwaya kutoka Korogwe, akidhani anatusaidia. Bibi aliitupa chooni mbele ya macho yake, akamuuliza kama na yeye anapenda kuoshwa kwa kuchunwa.

Sauti ya kusugua ndiyo sitaisahau. Gunzi na jivu juu ya shaba vinakwaruza kwa sauti inayoingia mpaka kwenye meno. Ukiwa umelipakata birika hivyo, tumbo lake tupu limekuelekea, husikii kitu kingine chochote duniani. Mtu anaweza kusimama nyuma yako akakuita mara tatu.

Mama yangu alirudi nyumbani nikiwa darasa la nne. Alikuwa akikaa na baba upande wa Korogwe, kwenye nyumba za vibarua wa mkonge, na mimi nilikuwa napelekwa kwake wakati wa likizo. Safari hii alikuja yeye, kalazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na baba akambeba kumwingiza ndani kama anavyobebwa mtoto. Ulikuwa ugonjwa wa kizazi. Hospitali moja iliwapeleka nyingine, ya pili ikawapa vidonge na kuwaambia wamtunze nyumbani. Mimi nilisikia "nyumbani" nikafurahi. Nilidhani mtu anarudishwa nyumbani akishapona.

Alikuwa mwanamke wa kucheka, mama yangu. Hata akiwa kitandani alinishika mashavu akaniambia nimenenepa, bibi ananilisha siri gani. Ila chumba kilikuwa na harufu ambayo ubani wa bibi haukuiweza, na mama alikuwa akiongea anasimama katikati ya neno, anauma kanga, kisha anaendelea pale pale alipoachia na tabasamu lake. Mimi nikiwa mlangoni hakulia hata siku moja. Nilijua anaumwa, sikujua anaumwa kiasi gani. Baba alikuja kila alipopata ruhusa, akakaa kwenye benchi nje akichora chini kwa kijiti, akaondoka.

Siku moja nimetoka shule, sijavua hata sare, bibi akatoka chumbani kwa mama na ndoo ya maji ya moto. Akaniangalia. Akaenda chumbani kwake, akarudi na kaniki mkononi. Akaifungua pale pale uani.

"Chukua. Nenda kule kwenye mchungwa. Sugua."

Nikamuuliza nani amekufa. Nilikuwa natafuta baiskeli kwa macho.

"Nimekwambia nani kafa? Nimekwambia sugua."

"Lakini bibi, ulisema..."

"Rehema! Sugua kwa nguvu, nisikie kutoka ndani. Na usome kaswida ile mliyofundishwa madrasa. Kwa sauti."

Mchungwa ulikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya jiko. Nikakaa na birika langu mapajani. Mtoto wa darasa la nne si mjinga. Nilijua ndani ya nyumba yetu mgonjwa ni mmoja tu, na nilijua birika likisuguliwa bila msiba linaita nini. Nikasugua huku nasoma kaswida na machozi yananidondokea kwenye jivu. Likang'aa. Bibi akatoka baada ya muda na ndoo ya vitambaa, amelowa jasho, akalitazama birika, akasema, "Kesho tena."

Kesho tena, na keshokutwa, na kila alasiri. Jamani, birika likiwa limeshang'aa unalisuguaje? Nilimwambia bibi halina doa. Akasema nisugue hivyo hivyo. Ndimu zilipoisha kwetu alituma kwa jirani. Magunzi nilimaliza lundo. Ukwaju ulinila vidole, kucha zikawa nyeusi, mwalimu akanichapa kwa uchafu, nami nikashindwa kumweleza ninasugua nini na kwa nini. Yale maua ya kiunoni yakaanza kufutika. Yalikuwa yamevumilia mikono ya mama yake bibi na ya bibi mwenyewe, mimi nikayamaliza.

Jirani yetu Mama Shabani, aliyekuwa hana dogo, alipita akaniona. Akasimama na ungo wake kichwani. "Yarabi! Huyu Mwantumu keshamkatia tamaa mwanawe? Anamwandalia birika mtu bado anapumua?" Hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akijisemea, lakini yale maneno nilikwenda nayo kulala. Toka siku hiyo nilimchukia bibi yangu. Nasema nilimchukia, na sina neno jingine la kuweka hapo. Akinitania mke mwenzake nilikuwa natazama pembeni. Alichopika nilikula kwa sababu ya njaa.

Nikapata nafasi siku moja bibi akiwa kisimani. Nikaingia kwa mama, nikapiga magoti, nikamnong'oneza, "Mama, bibi ananisugulisha lile birika. Kila siku. Anataka ufe."

Nilitegemea ashtuke, amwite baba, tuondoke. Badala yake akanipangusa jivu lililokuwa limenikauka shingoni.

"Sugua tu, mwanangu," akasema. "Nalisikia nikiwa humu. Nalisubiri mchana kutwa."

Nikaona basi, na yeye keshakubaliana na bibi. Nikatoka pale nimekata tamaa ya watu wote wawili.

Halafu ikaja ile siku ukwaju ulipokwisha. Niko chini ya mchungwa, nimepangusa bakuli mpaka kwenye kitako, na jivu peke yake linateleza tu. Nikaacha. Nikaweka gunzi chini, nikanyamaza na kaswida yenyewe. Ndipo nikasikia kilio. Sikujua kama ni cha mtu. Kilikuwa kinatoka dirishani kwa mama, kirefu, cha chini ya tumbo. Nikainuka kukimbia ndani. Lakini sijapiga hatua, kilio kikakatika, ghafla kabisa, kama mtu amezibwa mdomo kwa kiganja. Kukawa kimya kwetu kote, hata kuku. Ndani ya kimya kile nikasikia sauti ya bibi, kali:

"Mbona sisikii? Rehema! Mbona sisikii huko?"

Wenzangu, hapo moyo wangu uliingia giza. Mama analia vile, na yule kizee anawaza birika lake! Nikachota mchanga wa pale chini, nikalikwaruza birika kwa hasira zote za mwili wangu, nikasoma kaswida kwa kupiga kelele mpaka koo likapasuka. Nilikuwa nataka lipasuke, birika au bibi, chochote kitakachotangulia.

Mama alifariki asubuhi, mimi nikiwa darasani. Alikuja mtoto wa Mama Shabani kuniita, na mwalimu yule yule aliyenichapa akanibebea mfuko wangu wa madaftari mpaka njiani. Nilipofika uani wanawake walikuwa wamejaa. Hakuna aliyeniita nisugue. Birika lilikuwa tayari kama lilivyokuwa jana yake na juzi yake, na bibi akapita nalo mbele yangu, amejifunga kanga zake za kazi, akaingia kumwosha binti yake mwenyewe. Walimwambia apumzike, wenzake wawili wataosha. Aliwapita kama hakuwasikia. Nikamsikia mama mmoja, maskini hakuwa na nia mbaya, akimwambia mwenzake kwamba birika hili hajawahi kuliona liking'aa namna hii. Nikaenda nyuma ya choo nikatapika.

Baada ya arobaini baba alinichukua Korogwe. Sikumuaga bibi zaidi ya shikamoo. Alinifungia karanga kwenye leso, nami nikazigawa zote ndani ya gari. Miaka ikaenda. Nilikuwa nakwenda Sindeni kwenye misiba na harusi, namsalimia kwa adabu zote, nakaa mbali. Hakuniuliza nina nini. Hakuniita tena mke mwenzake, na mimi nikajisemea moyoni, anajua alichofanya.

Alipozeeka kabisa, miguu imekataa na macho yameingia ukungu, hakubaki mtu wa kumtunza ila mimi. Wengine walikuwa Dar na sababu zao. Nikamfuata, nikamleta kwangu Segera, si kwa mapenzi, nawaambia ukweli, ila watu wangesema nini? Alikuja na kifurushi kimoja cha nguo, na ndani yake kaniki. Saumu wangu alikuwa na umri ule ule niliokuwa nao mimi, na akampenda bibi kwa namna iliyoniudhi. Usiku walilala kitanda kimoja, bibi akimsimulia habari za Sindeni, na sheria ya birika nayo akamfundisha: halisuguliwi bila msiba. Akaanza kumwita mke mwenzake. Nilikuwa nikilisikia jina hilo jikoni nagonga sufuria makusudi.

Kisha bibi akaanguka, nyonga ikavunjika, na mgongoni kukatoka vidonda vya kulala. Kumgeuza na kumsafisha ikawa kazi yangu kila alasiri nikitoka kuuza. Hakuwahi kutoa sauti. Aliuma kanga, jasho linamtoka, na Saumu amesimama mlangoni kashika fremu, macho yamemtoka. Nilikuwa namwambia mtoto aende nje, anakwenda kidogo, anarudi.

Siku hiyo nimechovya kitambaa kwenye maji ya moto, nimekiweka tu kidondani, bibi akanishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Rehema. Mpe yule mtoto birika."

Sikumwelewa. Nilidhani akili imeanza kumwacha.

"Mpe akalisugue. Nje, mbali kule. Asugue kwa nguvu, nisikie." Akapumua. "Nataka kulia, Rehema. Nimechoka kujizuia, na mtoto yuko hapo mlangoni. Nikimsikia anasugua nitajua hanisikii. Mama yako alikuwa hivyo hivyo."

Jamani. Jamani nyie. Kitambaa kilinianguka. Nilimtazama yule bibi niliyemnyima hata utani wake, aliyejua siku zote namfikiriaje akanyamaza, kwa sababu kunieleza kungekuwa kuniambia mama yangu alikuwa akilia. Alikuwa ameivunja sheria yake, ile aliyoiogopa kuliko mtu yeyote pale Sindeni, ili binti yake apate nafasi ya kupiga kelele kila alasiri bila kunitisha. Na kile kimya cha siku ile ukwaju ulipokwisha, mimi ndiye niliyemziba mama mdomo, bila kujua.

Nikatoka na kaniki. Nikaifungua. Nikachota ukwaju kwenye ndoo yangu ya biashara na jivu jikoni, nikampa Saumu na gunzi.

"Nenda kule nyuma ya banda. Sugua."

Akarudi hatua nyuma. "Mama! Lakini hakuna aliyekufa."

"Sugua, Saumu. Kwa nguvu, nisikie. Na uimbe."

Alinitazama. Lile jicho nalijua, nilikaa nalo mwenyewe miaka yote ile. Nilitaka kumweleza, mdomo ukawa wazi kabisa, kisha nikaufunga. Ningemwambia nini ambacho hakingeharibu kazi yenyewe? Akaenda. Nikasubiri mlangoni mpaka mkwaruzo ulipoanza, halafu kaswida, sauti nyembamba inayotetemeka, ndipo nikarudi ndani na kushika kitambaa. Bibi akasikiliza kidogo kuhakikisha. Kisha akafungua mdomo akalia, kilio kile kile cha dirisha la mama, nami nikamsafisha huku nalia naye, na hakuna mtoto aliyetusikia.

Tulifanya hivyo mpaka siku yake ilipofika. Nilimwosha mimi, kwa birika lile, na lilikuwa linang'aa sana.

Saumu sasa ni msichana mkubwa. Ananisaidia kubeba ndoo mpaka barabarani, ni mpole, ni mtiifu, shikamoo yake haikosi. Lakini juisi yangu ya ukwaju haigusi, na akipita karibu na jiko anageuza uso. Sijamwambia. Mara nyingi nimejaribu kuanza, nikamwona anavyonitazama, nikazungumzia bei ya sukari. Nafikiri ataelewa siku moja, kama nilivyoelewa mimi, kwa kuombwa. Na siku hiyo nitakuwa mimi niliyelala, na mlangoni kutakuwa na mtoto wake.